Vinubi Vilivyotundikwa: Zaburi za Waimbaji Wakatoliki wa Uingereza



Kila Dominika, baada ya somo la kwanza, tunaimba zaburi. Mara nyingi tunaiimba huku mawazo yakiwa kwingine: mwimbishaji anatafuta sauti yake, watoto wanahangaika kwenye viti, na sisi wengine tunangojea somo la pili. Tumeizoea zaburi kama mtu anavyoyazoea maji ya kisima cha kwao. Leo tunapenda kuwasimulia habari za watu ambao kwao zaburi ilikuwa karibu neno la pekee walilobakiziwa. Ni waimbaji Wakatoliki wa Uingereza wa karne ya 16, na hasa mlei mmoja, William Byrd, aliyekuwa na mke na watoto, na mshahara wa malkia, na imani iliyokatazwa kwa sheria za malkia huyohuyo.

Kabla ya mafarakano, Uingereza ilikuwa nchi ya kuimba. Katika chuo cha Eton, karibu na ngome ya kifalme ya Windsor, kwaya ilikusanyika kila jioni mbele ya sanamu ya Bikira Maria na kumwimbia kwa sauti nyingi zilizosukwa pamoja. Kitabu chao kikubwa, kilichoandikwa yapata mwaka 1500, kipo hadi leo, na sehemu kubwa ya nyimbo zake ni za Mama Maria. Zilikuwa nyimbo ndefu mno. Silabi moja iliweza kuvutwa juu ya noti nyingi hata msikilizaji akasahau neno lilianza vipi. Wengine walilalamika kwamba maneno yanazama ndani ya sauti, na tukiwa wakweli, malalamiko hayo hayakukosa msingi.

Mwaka 1534 mfalme Henry VIII alijitangaza kuwa mkuu wa Kanisa katika nchi yake, na kuanzia 1536 hadi 1540 monasteri zote zilifungwa. Ya mwisho kufungwa ilikuwa Waltham, na miongoni mwa watumishi wake alikuwamo mwanamuziki Thomas Tallis. Aliondoka na shilingi 20 za mshahara aliokuwa akidai, na shilingi 20 nyingine za kumwaga kwaheri. Chini ya Edward VI, mtoto wa Henry, mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 1548 kanisa kuu la Lincoln lilipokea amri kwamba nyimbo za Bikira Maria na za watakatifu zikome, kwamba kwaya iimbe kwa Kiingereza, na kwamba kila silabi ipewe noti moja iliyo wazi. Mwaka uliofuata, kitabu kipya cha sala kilichukua nafasi ya Misa ya Kilatini nchini kote. Malkia Mary aliirudisha Misa mwaka 1553, lakini miaka mitano tu baadaye alifariki. Elizabeth, dada yake wa baba mmoja, akakalia kiti cha enzi, na mlango ukafungwa tena, safari hii kwa muda mrefu.

Fikirini basi hali ya mtunzi wa nyimbo aliyelelewa katika mambo ya zamani. Salve Regina haimbwi tena. Nyimbo za watakatifu zimefutwa. Akiandika muziki wa Misa, ataimbiwa na nani? Lakini palibaki kitabu kimoja ambacho hakuna upande uliothubutu kukikataa, nacho ni kitabu cha Zaburi. Wakatoliki waliziimba tangu enzi za mapadre wa jangwani, na Waprotestanti nao walizipenda kwa moyo wao wote. Mwaka 1562 kilichapwa kitabu cha zaburi zote 150 zilizogeuzwa kuwa mashairi ya Kiingereza, ambazo waamini wa kawaida waliziimba kwa wimbo mmoja rahisi, wanaume, wanawake na watoto pamoja. Tuwape haki yao: ulikuwa uimbaji wa taifa zima, wenye nguvu na furaha. Tallis mwenyewe alimtungia askofu mkuu Matthew Parker tuni tisa za namna hiyo, zilizochapwa mwaka 1567.

Ndivyo zaburi ilivyogeuka kuwa kimbilio la watunzi. Tangu siku za Malkia Mary, na zaidi baada yake, wanamuziki wa Kiingereza walianza kuchukua zaburi nzimanzima za Kilatini na kuzivalisha usanifu uleule mkubwa ambao hapo awali ulikuwa wa Mama Maria. Zaburi ya 14 (katika Biblia nyingi ni ya 15), ile inayouliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, ilitungiwa muziki na Tallis, na William Mundy, na Robert Parsons, na Robert White mara tatu, na Byrd kwa sauti tisa. Kwa nini hiyo zaidi ya nyingine? Huenda sababu ni nyepesi, kwamba mmoja aliitunga vizuri na wenzake wakataka kushindana naye. Lakini hatuwezi kupita bila kukumbuka kwamba zaburi hiyo inamsifu mtu anayesema kweli moyoni mwake na asiyemdanganya jirani yake kwa kiapo, na kwamba kizazi kile kililazimishwa kuapa, kisha kuapa kinyume, kila alipobadilika mfalme.

Kuhusu kinanda cha kanisani, nacho kilikuwa mashakani. Mwaka 1563, katika mkutano mkuu wa makleri wa Uingereza, lilipelekwa pendekezo la kuviondoa vinanda vyote makanisani. Lilishindwa kwa kura moja tu. Hata hivyo parokia nyingi ziliviacha vikaoza, au mabomba yake ya bati na risasi yakauzwa. Sauti ya mwanadamu haikuwa na la kung'olewa wala kuuzwa.

Mwaka huohuo wa 1563 Byrd, kijana wa miaka ishirini na kitu, alipewa kazi ya kupiga kinanda na kufundisha kwaya ya Lincoln. Mnamo 1569 wakuu wa kanisa hilo walimsimamishia mshahara kwa muda. Mwaka 1570 akaapishwa kuwa mwimbaji wa kanisa la kifalme, mahali pa juu kuliko pote kwa mwanamuziki wa Uingereza. Elizabeth alipenda muziki mzuri na alikifahamu Kilatini. Mwaka 1575 yeye ndiye aliyewapa Tallis na Byrd kibali cha kuwa wachapishaji wa pekee wa muziki nchini kwa miaka 21. Wakamshukuru kwa kitabu cha nyimbo takatifu za Kilatini, 17 za Tallis na 17 za Byrd, kwani ulikuwa mwaka wa 17 wa utawala wake.

Lakini 1570 ulikuwa pia mwaka ambao Papa Pio V alimtenga Elizabeth na Kanisa na kuwafungua raia wake kutoka utii kwake. Tangu siku hiyo, machoni pa serikali, kila Mkatoliki aliweza kuhesabiwa kuwa msaliti. Sheria zilikazwa hatua kwa hatua. Aliyekosa ibada ya parokia alikuwa akitozwa senti 12 kwa kila Dominika. Mwaka 1581 faini ikapandishwa hadi pauni 20 kwa mwezi, kiasi ambacho familia ya kawaida haikuweza hata kukiota. Mwaka 1585 ikawa ni uhaini, wenye adhabu ya kifo, kwa padre aliyepewa upadre ng'ambo kuonekana tu katika ardhi ya Uingereza. Juliana, mke wa Byrd, alianza kushitakiwa kwa kutohudhuria ibada tangu 1577. Mumewe aliandikwa katika orodha hizo miaka michache baadaye. Inatupendeza kulitazama jambo hilo: katika nyumba hii, kama katika nyumba nyingi za wakati ule, mama ndiye aliyetangulia kukiri imani mbele ya hakimu.

Tarehe 1 Desemba 1581, Mjezuiti Edmund Campion na mapadre wenzake wawili, Ralph Sherwin na Alexander Briant, walinyongwa huko Tyburn, wakapasuliwa na kukatwa vipande. Mtu mmoja, Stephen Vallenger, alikatwa masikio kwa sababu ya kuchapisha mashairi ya kumlilia Campion. Byrd alilitia muziki mojawapo la mashairi hayo, na mwaka 1588 akalichapa, ingawa beti zilizomtaja shahidi waziwazi hazikuonekana. Mbali na shairi hilo, upo utunzi wake wa zaburi ya 78 (79), kwa sauti tano bila ala, uliotolewa mwaka 1589. Zaburi hiyo inamwambia Mungu kwamba mataifa wameingia katika urithi wake, kwamba hekalu limenajisiwa, kwamba miili ya watumishi wake imetupwa iwe chakula cha ndege, na hapana wa kuwazika. Wataalamu wengi wanaamini kuwa wimbo huo mrefu, wenye sehemu nne, ni kilio chake kwa ajili ya Campion. Byrd hakuandika hivyo popote. Nani angeandika? Kama angeulizwa, alikuwa na jibu: ni Biblia, mheshimiwa, na Biblia hiyohiyo mnaisoma ninyi makanisani mwenu. Ni kweli tupu, na kila Mkatoliki aliyeketi kuimba angejua ni miili ya akina nani.

Sasa tufike kwenye tukio ambalo kwalo hasa tumeandika.

Huko Prague, katika jumba la Kaisari Rudolf II, aliishi mkuu wa kwaya aliyeitwa Philippe de Monte. Alizaliwa mwaka 1521 mjini Mechelen, mji ambao sisi tumezoea kuusikia kwa jina la Kifaransa la Malines. Katika ujana wake alifika Uingereza pamoja na kwaya ya Philip wa Hispania, aliyekwenda kumwoa Malkia Mary mwaka 1554. Wakati ule Misa ilikuwa imerudishwa, na mgeni aliweza kudhani kwamba mambo yangedumu hivyo. Mwaka uliofuata aliondoka. Byrd alikuwa mvulana wa miaka kumi na minne hivi. Kama walionana siku hizo, hakuna alama iliyobaki.

Karibu miaka thelathini ilipita. Kisha mwaka 1583 de Monte alimpelekea Byrd kazi ya muziki. Ilikuwa zaburi ya 136 (137), zaburi ya wana wa Israeli wanaokaa kando ya mito ya Babeli na kulia, iliyotungwa kwa sauti nane. Lakini de Monte aliupanga upya mpangilio wa mistari. Kwanza aliweka machozi ya mtoni, kisha wateka wanaodai nyimbo, kisha lile swali la mateka, jinsi gani waimbe wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni. Mwisho kabisa aliweka mstari ambao katika zaburi unatangulia: kwamba walivitundika vinubi vyao juu ya miti. Katika Kilatini neno lililotumika hapo si vinubi. Ni organa, yaani ala za muziki, na mwimbaji wa karne ya 16 hakuweza kulisikia bila kufikiria kinanda cha kanisani kwake. Wimbo unakoma hapo, na ala zimetundikwa. Nao waimbaji wanalisema jambo hilo kwa sauti zao tupu.

Hatuna barua iliyofuatana na kazi hiyo. Ila kwa mtu aliyewahi kuimba Misa katika Uingereza ya Mary, kumchagulia zaburi hiyo mwenzake wa Uingereza ya Elizabeth, na kuimalizia hapo, ni kama kuuliza swali. Ndugu, bado unaimba? Au umetundika?

Mwaka 1584 Byrd alijibu. Naye alitumia sauti nane, na akaanzia palepale penye swali la mateka. Tena hakubadilisha mpangilio. Alifuata zaburi ilivyo: kama nikikusahau, Yerusalemu, mkono wangu wa kuume na usahauliwe, ulimi wangu na ugandamane na kinywa changu. Mkono na ulimi ndivyo vyombo vya kazi vya mwanamuziki, na Byrd anavitoa vyote viwili kuwa rehani. Na ili jibu lisiwe la maneno tu, alificha ndani ya zile sauti nane jambo gumu la usanifu: sauti tatu zinafuatana zikiimba wimbo uleule, lakini moja kati yake inauimba kwa kuupindua, penye kupanda yeye anashuka, na penye kushuka anapanda. Asikilizaye asipoambiwa hatalitambua. Anasikia wingi wa sauti tulivu tu, zisizogongana. Ni fundi anayemwonyesha fundi mwenzake kwamba mkono bado haujasahau.

Byrd aliishia wapi? Aliishia kwenye mstari unaomwomba Bwana awakumbuke wana wa Edomu katika siku ya Yerusalemu. Tukumbuke kwamba Edomu ni Esau, ndugu wa tumbo moja na Yakobo. Waliolaaniwa hapo ni wale wa damu moja waliosimama wakishangilia mji ukibomolewa. Hiyo ndiyo jeraha ya Uingereza ile: waliomshitaki Mkatoliki walikuwa jirani zake, wazee wa parokia yake mwenyewe, mara nyingine ndugu zake. Lakini baada ya mstari huo zaburi inaendelea hadi kwenye maneno ya kutisha juu ya watoto wachanga wa Babeli, na hapo Byrd hakufika. Alimwachia Mungu kumbukumbu, akaweka kalamu chini. Hatutaki kumvika nia ambayo hakuitamka. Huenda wimbo ulikuwa umekwisha kuwa mrefu vya kutosha. Hata hivyo tunafurahi kwamba aliishia hapo.

Inatupasa kueleza kidogo nyimbo hizi ziliimbwa vipi, maana wengi wetu tunapofikiria kwaya tunaona jukwaa, ngoma, kinanda cha umeme na sare. Zaburi za Byrd zilichapwa katika vijitabu vidogo, kila sauti na kijitabu chake. Anayeimba sauti ya chini hana mbele yake ila sauti ya chini. Wimbo mzima hauonekani kwenye ukurasa wowote. Unapatikana watu watano wanapoketi kuzunguka meza na kusikilizana. Mwaka 1588, katika utangulizi wa kitabu cha nyimbo za Kiingereza ambacho kinaanza na zaburi kumi, Byrd alieleza kwamba nyimbo zile hapo kwanza zilikuwa za mwimbaji mmoja na ala, lakini sasa ametia maneno katika sehemu zote ili sauti za watu zitoshe. Akaongeza sababu nane za kumshawishi kila mtu ajifunze kuimba. Nyingine zinachekesha kidogo: kuimba kunapanua kifua, kunamsaidia mwenye kigugumizi. Mojawapo inasema kwamba hakuna ala inayolingana na sauti nzuri za watu zilizopangwa vema. Mwandishi wa maneno hayo alikuwa miongoni mwa wapiga kinanda hodari kabisa wa zama zake, kwa hiyo hakusema kwa kukosa.

Nyumba ndizo zilizokuwa makanisa yao. Mwezi Julai 1586, Mjezuiti William Weston aliwapeleka mapadre wawili waliokuwa wamewasili nchini kwa siri, Henry Garnet na Robert Southwell, kwenye nyumba ya bwana mmoja aliyeitwa Richard Bold. Weston amesimulia kwamba kulikuwamo kikanisa, na kinanda na ala nyingine, na waimbaji wa kiume na wa kike wa nyumba hiyo; na Byrd alikuwapo. Walikaa siku kama nane, wakiadhimisha na kuimba Misa kana kwamba ni oktava ya sikukuu kubwa. Kabla ya mwezi uliofuata kwisha, Weston alikuwa amekamatwa. Southwell aliuawa mwaka 1595, na Garnet mwaka 1606. Angalieni jambo hili dogo: wanawake waliimba pamoja na wanaume. Katika kwaya za makanisa makuu ya wakati ule jambo hilo halikuwapo. Mateso ndiyo yaliyowaweka mama na binti katika kwaya ya Misa.

Yapo maswali ambayo wasomaji wetu watauliza, na sisi tumeyauliza. Inawezekanaje Byrd atunge kilio cha mashahidi jioni, na asubuhi aimbe katika kanisa la malkia aliyewaua? Maana alifanya hivyo. Alilitungia Kanisa la Kiingereza muziki bora, na zaburi kwa Kiingereza, na mwaka 1592 mashitaka dhidi yake yalisitishwa kwa amri ya malkia mwenyewe. Campion alipewa kamba. Byrd alipewa ulinzi. Wapo waliokufa gerezani kwa sababu hawakuwa na kipaji ambacho malkia alipenda kukisikia.

Kwa maoni yetu, haifai kumfanya Byrd kuwa shahidi, hakuwa. Wala haifai kumwita mtu wa ndimi mbili. Hakuhudhuria ibada alizokatazwa na dhamiri katika parokia yake, akalipa gharama yake mahakamani mwaka baada ya mwaka. Yapata mwaka 1593 alihama na jamaa yake kwenda kijiji cha Stondon Massey, huko Essex, karibu na nyumba ya rafiki na mfadhili wake Mkatoliki, Sir John Petre. Hapo, akiwa na zaidi ya miaka hamsini, umri ambao wengine wanatafuta utulivu, alianza kazi ya hatari kuliko zote: Misa tatu, ya sauti nne, ya tatu na ya tano, zilizochapwa bila ukurasa wa jina wala tarehe. Sauti tatu! Hiyo ni Misa ya nyumba ambayo imepata watu watatu tu wa kuimba. Kisha mwaka 1605 na 1607 yakafuata makusanyo mawili ya nyimbo za sikukuu za mwaka mzima wa liturujia, ambamo mistari ya zaburi imepangwa kama matofali, ili mstari mmoja utumike katika Misa zaidi ya moja. Katika utangulizi wa mwaka 1605 alieleza kwamba maneno matakatifu yana nguvu iliyofichika ndani yake, hata kwa mtu anayeyatafakari kwa bidii noti zinazofaa hujileta zenyewe.

Novemba ya mwaka huohuo, baada ya kugunduliwa njama ya kumlipua mfalme na bunge lake kwa baruti, Mfaransa mmoja, Charles de Ligny, alikamatwa mjini London na kutiwa katika gereza la Newgate. Kosa lake lilikuwa kukutwa na vitabu vya kipapa vya William Byrd. Kwa miaka mingi zaburi iliweza kupita mbele ya askari kwa sababu ilikuwa mali ya wote. Ilipopangwa kufuata mwaka wa Misa, ilitambulika.

Byrd alifariki tarehe 4 Julai 1623, mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini. Katika wosia wake alimwomba Mungu aishi na kufa akiwa mshiriki wa kweli wa Kanisa Katoliki. Na katika daftari la kanisa la kifalme, ambalo hakuwa wa dini yake, aliyeandika habari za kifo chake alimtaja kuwa baba wa muziki.

De Monte alikuwa ametangulia, mwaka 1603, huko Prague. Kuhusu zaburi zao mbili, swali na jibu, habari kwamba moja ilitumwa mwaka 1583 na nyingine kutungwa mwaka 1584 imetufikia kwa njia ya nakala moja ya karne ya 18. Wakati huo Misa ilikuwa bado haijaruhusiwa kisheria Uingereza. Aliyezinakili kwa mkono wake, sauti nane za mmoja na sauti nane za mwenziwe, alikuwa John Alcock, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Kianglikana la Lichfield.